Jina la Chini ya Ukurasa

Isfahan, 9 Rajabu 1030

Shangazi Parizad, shikamoo, na mikono yako yote miwili naibusu kutoka huku niliko. Mimi mzima. Kifua kilichonisumbua wakati wa baridi kimepona, mafuta ya lozi uliyonifungia yamekwisha, na mkate wa hapa naulaumu kila asubuhi maana haufikii wa kwetu. Golandam hajambo? Mwambie dada yangu nimeona kasuku sokoni mwenye tabia zake, anaongea hata akiwa anakula.

Nimepata kazi, na kazi yenyewe ndiyo imenifanya nikae niandike. Ni kwenye karakana ya vitabu ya Khan mmoja mkubwa wa hapa. Khan anaoa Mfungo Sita, miezi ya maombolezo ikishapita, na zawadi ya bibi harusi ni jalada la kurasa za mashairi ya mapenzi, hati nzuri tupu, kila ukurasa na pambizo lake la dhahabu. Mimi ndiye mbandikaji. Nazipaka wanga, nazibandika mgongo kwa mgongo juu ya karatasi nene, nazisugua kwa jiwe la akiki mpaka zing'ae.

Sasa sikia. Mkuu wa karakana ni Mirza Shukrullah. Ndiyo, huyo huyo, mwanafunzi wa marehemu baba. Hakunitambua. Alipohama Mashhad mimi nilikuwa mtoto wa kufutwa makamasi, na hapa wananiita Mkhorasani, kwa nchi nilikotoka, basi. Jana kanikabidhi mfuko wa ngozi, akasema, "Hizi ni zangu za ujana. Uzibandike kwa heshima." Nikaufungua. Ni kurasa za baba! Zile za hati ya mlalo, herufi zimeinama, zilizokuwa kwenye kasha la mti wa jozi, ambazo siku za sikukuu nilioneshwa baada ya kunawa mikono na kuulizwa tena kama nimenawa kweli. Nazijua kama mlango wa nyumba yetu. Na pembeni chini, badala ya jina la baba, pameandikwa: "Ameandika mtumwa mkosefu Shukrullah."

Mwizi mkubwa! Na anakula wali wa Khan kwa jasho la maiti.

Wewe ulikuwemo nyumbani baba alipofariki. Niandikie ushahidi, utie muhuri, ueleze kasha lilivyochukuliwa na kwamba kurasa ni za mkono wa baba, Mirza Barkhudar. Ukinifikia, nitamvua nguo huyu mbele ya Khan na wageni wake wote. Nimeapa kwa kaburi la baba, na siwezi kurudi nyuma.

Mwanao, Shahverdi


Mashhad, 2 Ramadhani 1030

Mwanangu Shahverdi, marahaba, na Mungu akupe kifua cha punda. Tumeanza kufunga na jua halina huruma. Matikiti ndiyo yanatuvusha jioni. Golandam amekuja kuposwa na muuza hariri wa mtaa wa pili, yaani amekuja mama yake, kwa sababu mwenyewe hana ulimi. Mama huyo kapekua nyumba yetu mpaka chini ya zulia. Dada yako akamwuliza, "Mama, umepoteza nini nikusaidie kutafuta?" Posa imekufa hapo hapo, na mimi nimecheka hadi jasho likanitoka na swaumu yangu.

Shukrullah. Nimeliandika jina lake na nimekwenda kunawa. Hujui habari yote, basi ujue. Siku ya tatu ya matanga ya baba yako wanawake tulikuwa jikoni tunakoroga halua ya marehemu. Akaja yeye, akalia kuliko wafiwa. Akaomba akae peke yake kidogo chumbani kwa mwalimu wake, eti aisikie harufu ya wino wake mara ya mwisho. Nani angemkatalia? Nikampelekea bakuli la halua mimi mwenyewe. Akala, akaondoka na kasha chini ya joho. Bakuli alilirudisha, limelambwa likang'aa.

Tangu siku hiyo namwombea upofu kila Ijumaa kwenye kaburi la Imamu, taratibu, kwa jina lake kamili, na akina mama wakiniona midomo inacheza wanasema Parizad mcha Mungu kweli. Wanasema mwenye kovu usidhani amepoa. Mimi sijapoa hata kidogo.

Lakini ushahidi sitaandika. Usinibembeleze. Kurasa hizo zichome, mwanangu. Mnalo jiko la kupikia gundi hapo, zitie zote, mwache mwizi mikono mitupu siku ya harusi, halafu panda msafara urudi. Mengine usiniulize.

Nimekutumia mafuta mengine ya lozi. Paka kifuani, usikaangie mayai.

Shangazi yako


Isfahan, 20 Mfungo Mosi 1030

Shangazi yangu, shikamoo, na Idi njema iliyochelewa. Mafuta yamefika, na mayai sijakaanga, ila mara moja tu. Mwambie Golandam asihuzunike, muuza hariri asiye na ulimi angemchosha kwa wiki moja.

Barua yako nimeisoma nikadhani nimekosea. Nizichome? Mkono wa baba? Hatukubakiwa na kitu chake kingine, nyumba tumeiuza, vitabu tumeviuza, na wewe unaniambia niitie motoni hati iliyofanya watu wafunge safari kutoka Herati kuja kuitazama! Nisamehe, lakini hapo sikukuelewa na sitakutii.

Tena nikueleze anavyojigamba. Juzi mzee Yadgar, mtia dhahabu wetu, kamwuliza, "Mirza, beti hizi ulimtungia nani?" Basi akaegemea mto, akajikuna ndevu. "Kulikuwa na mwanamke Mashhad," anasema, "nyumbani kwa mwalimu wangu huko. Kila nikipita alikuwa ananichungulia dirishani. Sura hana, bahati hana. Nikamhurumia. Nikaandika kama vile ni yeye anayesema, ili angalau apendwe kwenye karatasi." Karakana nzima ikacheka. Kisha akausoma ubeti kwa sauti ya kike, akipepesa macho:

Umepita mtaani, hukuangalia ndani,
vumbi lako la njiani, nimelipaka machoni.

Walicheka tena, na mimi nikacheka, shangazi, kwa sababu bila kucheka ningemtia kijembe shingoni. Ona anavyouchafua ushairi wa baba, anaufanya kichekesho cha vijiweni.

Mpango wangu ni huu. Jina lililokwanguliwa kwa kijembe huacha kivuli cha wino, na ukurasa ukishikwa dirishani kivuli hicho huonekana. Kurasa zikishabandikwa mgongo kwa mgongo, mwanga haupiti tena, na chochote kilichokwanguliwa kitakuwa kimezikwa milele. Naona ndiyo sababu anaharakisha. Basi ukurasa wa mwisho sitaubandika. Nitautia kwenye fremu ya karatasi kama kioo dirishani, pande zote mbili wazi, nimwambie ndiyo mtindo mpya. Ushahidi wako tu ndio unaokosekana. Shangazi, tafadhali.

Shahverdi


Mashhad, 26 Mfungo Pili 1030

Shahverdi,

Sisi wazima. Msafara unaondoka leo na mwenye ngamia ananipigia kelele mlangoni, kwa hiyo usitafute habari za nyumbani humu.

Alisema "nikamhurumia"? Ni neno hilo hilo alilosema, au umelipamba? Alisema "sura hana"?

Huo ukurasa unaotaka kuuacha wazi, uchukue asubuhi jua likiwa upande wa dirisha. Usitazame shairi. Tazama pale kwenye jina. Tazama sana, kama mbandikaji. Usitazame kama mtoto wa mtu. Kisha uniandikie ulichokiona, chote, hata kama hutakipenda.

Sasa sitaki uzichome tena.

Shangazi yako


Isfahan, 5 Mfungo Nne 1031

Shangazi, shikamoo. Tuko kwenye maombolezo ya Imamu, karakana imefungwa mchana, barafu imeshika pembezoni mwa mto. Nakohoa kidogo. Golandam umpe salamu.

Nimefanya ulivyosema.

Karatasi pale kwenye jina imekuwa nyembamba kama ganda la kitunguu. Nikaona alipokwangua Shukrullah, kazi ya pupa, hata wanga hakurudishia vizuri. Chini ya jina lake kuna kivuli cha wino wa masizi, na kivuli hicho kinasomeka: Barkhudar. Niliruka kwa furaha. Nikasema, haya, Mirza, umekwisha! Kisha nikageuza ukurasa kidogo, na nikaona kwamba chini ya jina la baba nako pamekwanguliwa.

Pamekwanguliwa kwa uangalifu mkubwa, shangazi. Aliyekwangua alikuwa na subira, akapaka wanga, akasugua kwa jiwe. Lakini wino ulikuwa umezama. Jina silisomi lote. Neno la mbele yake nalisoma vizuri, na ndilo linaloninyima usingizi. Wanaume tukitia sahihi tunaandika "mtumwa". Pale pameandikwa "kijakazi". Ni mwanamke.

Nimezitazama zote. Zote ziko hivyo, zote kumi na tatu.

Nani huyo? Niambie ni nani, na uniambie kwamba baba hakujua. Labda aliinunua karatasi kuukuu akaikwangua aandike upya. Waandishi hufanya hivyo, karatasi ni ghali. Niambie ndivyo ilivyokuwa na nitaamini. Baba yangu hakuwa mwizi.

Shahverdi


Mashhad, 12 Mfungo Tano 1031

Mwanangu Shahverdi, marahaba. Theluji imefika magotini. Golandam ameposwa tena, safari hii na mwalimu wa watoto, ana ulimi na ana meno, tumekubali. Kohoa ukiwa umefunika mdomo.

Karatasi haikuwa kuukuu. Unajua mwenyewe kwamba haikuwa. Shairi ni la mkono uleule uliotia sahihi ya kwanza, na mkono huo ndio ulioshika kalamu hii. Umeisoma hati yangu tangu utoto kwenye barua na kwenye hesabu za mboga, na hukuwahi kuitazama, kwa sababu nani anaitazama hati ya shangazi?

Babu yako Ustadh Ghiyas alitufundisha sote wawili, baba yako na mimi, ubao mmoja, kidau kimoja cha wino. Kaka alikuwa na mkono mzito. Babu alimpiga vidole kwa tete kila siku, na mimi akaninyamazia, na kwa babu kunyamaza ndiyo ilikuwa sifa. Alipotaka kufa akanipa ruhusa ya kutia sahihi. Kaka hakupewa.

Zile kurasa nilizitunga na kuziandika mwenyewe mwaka ule nilipokuwa msichana wa dirishani. Niliandika za kwangu tu. Kwa nani, usiniulize, halimo humu. Lakini hebu nikuulize wewe msomi wa Isfahan, mwanamume gani anakaa ndani akimngoja mtu apite mtaani? Shairi lenyewe linapiga kelele kwamba ni mwanamke, na wanaume wote mliolisoma mmesema ni ufundi wa Barkhudar!

Akaja tajiri mmoja kutoka Herati kutafuta mwandishi. Kaka akaingia chumbani kwangu. "Pari, nipe zile zako." Nikamwambia, "Zina jina langu." Akasema, "Jina lako atalinunua nani? Na maneno hayo? Unataka mtaa mzima useme dada wa Barkhudar anachungulia vijana?" Akachukua kijembe changu mwenyewe akaanza kukwangua. Alikuwa anachana, mkono mzito ule. Basi nikamnyang'anya nikakwangua mimi. Unasikia? Ile subira uliyoisifu ni yangu. Niliipenda karatasi kuliko nilivyolipenda jina, na huo ndio ujinga ambao sijawahi kuusamehe. Yeye akaandika la kwake. Tajiri akapiga magoti. Baada ya hapo akawa Mirza Barkhudar, wanafunzi waliokuwa wawili watatu wakajaa uani, na mimi nikawapikia.

Alipokuwa anakufa alinishika mkono. "Pari, yale mambo..." Nikamwambia, nyamaza, pumzika. Watu wanadhani nilimsamehe. Nilimnyamazisha tu. Afe nalo kooni, kama mimi nilivyoishi nalo.

Sasa unajua kwa nini nilitaka moto. Nilisema afadhali majivu kuliko wanaume wawili. Lakini mtu aliyeniibia anakaa juu ya mto ananiigiza kwa sauti ya kike, eti alinihurumia! Hapana. Sasa nataka walipe wote wawili, wa juu ya ardhi na wa chini. Jalada likifunguliwa wewe usubiri Khan aulize zimeandikwa na nani, useme kwa sauti: Parizad binti Ghiyas wa Mashhad. Basi. Sitaki pesa, sitaki cheo. Najua ni baba yako. Najua ninachokuomba ni kizito. Alikuwa kaka yangu kabla hajawa baba yako, na nilikubeba mgongoni ukiwa na surua. Nilipe kwa hilo.

Shangazi yako


Isfahan, 25 Mfungo Sita 1031

Shangazi yangu mpendwa, mwangaza wa macho yangu, shikamoo nyingi zisizohesabika. Hongera kwa Golandam. Nimemnunulia mahameli ya rangi ya komamanga, na wewe shali ya sufu laini, vyote viko njiani na msafara huu. Kikohozi kimeisha kabisa. Hewa ni nzuri. Barua yako ilinifikia siku mbili kabla ya harusi.

Furahi, shangazi! Shukrullah amekwisha. Laiti ungekuwepo!

Jalada lilifunguliwa ukumbini, wageni wamekaa duara, matunda na sharubati, jua limejaa dirishani. Kurasa zote zimekaa mbili mbili zinatazamana kama inavyopasa, isipokuwa ule wa mwisho. Huo niliuacha peke yake, mbele yake karatasi tupu iliyosuguliwa. Khan akaufikia. "Mbona huyu mjane?" Watu wakacheka. Nikasema, "Mheshimiwa, mwenzake hajaandikwa bado. Bahati nzuri mwandishi tunaye hapa." Khan akapiga makofi. "Mirza, muoze mwenzake, hapa hapa! Bibi harusi anangoja."

Ungemwona uso! Akasema mkono unamuuma. Khan akasema ubeti mmoja hauui mtu. Akasema kalamu si yake. Mzee Yadgar akamkabidhi kalamu yake mwenyewe kutoka kiunoni mwake. Akaandika. Shangazi, ilikuwa kama kuku amepita. Mstari ulianza juu ukaanguka chini, herufi hazina viuno. Khan akaweka kurasa mbili pamoja, akatazama huku, akatazama kule. "Huyu na huyu," akasema, "hawajawahi hata kulala nyumba moja."

Ndipo nikaomba ruhusa, nikautoa ukurasa, nikaupeleka dirishani. Niliushika mwenyewe ili usikunjwe. Wakaona alipokwangua. Wakasoma jina la chini. Shukrullah alivuliwa kilemba pale pale na kutolewa nje kwa mlango wa jikoni. Wanasema analala msikitini, na watoto wanamfuata wakimwuliza, "Mirza, mkono umepona?" Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Umelipiziwa kisasi, shangazi, umelipiziwa kikamilifu.

Khan aliniuliza, "Na wewe umejuaje?" Watu wote walikuwa wananitazama. Nilikuwa na nia, Mungu ni shahidi. Lakini jina la baba lilikuwa limekwisha kusomwa, liko pale kwenye mwanga, na mzee Yadgar alikuwa analia akisema aliwahi kumwona Mirza Barkhudar ujanani. Nikasema ni baba yangu. Khan akashuka akanikumbatia. Nimepewa karakana. Mto ule ule sasa naukalia mimi.

Elewa, shangazi. Lingesemwa lako, wangecheka tena, wangesema mashairi yale ya dirishani ni ya mwanamke gani. Nimekulinda. Na kwa vyovyote jina limerudi ndani ya nyumba yetu, la baba na lako ni damu moja. Njoo uishi nami hapa, nitakupa chumba chenye jua.

Mwanao akupendaye, Shahverdi


Isfahan, 19 Mfungo Kenda 1031

Shahverdi,

Usishtuke kuona Isfahan hapo juu. Nimefika juzi. Nilipoisoma barua yako sikungoja hata Mwaka Mpya wa machipuko, nilimkabidhi Golandam kwa wakwe zake, nikauza shali yako laini kumlipa mwenye ngamia, nikapanda. Mgongo umekwisha, lakini mkono mzima. Salamu za nyumbani ni hizo.

Barua yako tamu sana. Nimeisoma njia nzima. Unasema walisoma jina la chini. Neno la "kijakazi" walilisoma? Hukuandika. Unasema uliushika ukurasa mwenyewe ili usikunjwe. Nimebandika kurasa kabla hujazaliwa, mwanangu. Nakijua kidole gumba kinapokaa, na neno gani kinafunika.

Unasema umenilinda. Kaka alisema hivyo hivyo, na alikuwa amesimama hivyo hivyo, kijembe mkononi. Shukrullah angalau hakuniambia ananipenda alipokuwa ananiibia. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi wangu nimewavaa tangu ujana, mmoja baada ya mwingine. Ulikuwa unawinda mwizi mmoja, nikakuonesha wa pili, na wewe ukaenda kujifanya wa tatu. Kwa ajili ya mto!

Kuna jambo ninyi wanaume wa karakana mlilisahau. Jalada si la Khan. Ni la bibi harusi, na liko chumbani kwake, ambako Mirza Shukrullah hawezi kuingia, wewe huwezi kuingia, na mimi nimeingia jana na kikapu cha zafarani kama kizee yeyote wa Khorasani. Bibi ni msichana mwerevu, anasoma kuliko mumewe. Nikamwomba aniletee ule ukurasa mjane, kalamu na karatasi mpya. Nikaketi sakafuni nikamwandikia mwenzake. Mkono haukunitupa, Shahverdi. Niliogopa, nakwambia kweli, nilipoitia wino kalamu nililia kama mtoto, halafu mstari ukashuka wenyewe, ukalala panapotakiwa. Bibi akaziweka pamoja. Akasimama akauweka ule wa zamani dirishani, akaushika kwa pembe. Alisoma yote matatu, la juu, la kati na la chini.

Akaniuliza nani aliyekuwa anapita mtaani. Wewe sikukwambia. Yeye nimemwambia: ni Shukrullah, akija kwa somo asubuhi, joho jipya, na mimi mjinga wa miaka kumi na saba. Bibi akashika mdomo. "Yule? Yule wa mkono unauma?" Tulicheka sote wawili mpaka wajakazi wakaja kutazama. Nilikuwa sijacheka hivyo kwa sababu ya mtu yule tangu niliponyooshea shingo dirisha lile, na kicheko hicho peke yake kimenilipa ngamia.

Leo asubuhi kanikalisha nianze upya. Anataka kila ukurasa wa zile kumi na tatu upate mwenzake, na zako za mgongo kwa mgongo zibanduliwe. Wanga wako umeshika vibaya, hata hivyo. Zinatoka zenyewe.

Khan atakuita baada ya sala ya alasiri. Nimemwomba bibi asimwambie jibu, amwombe tu akuulize swali lile lile, mbele ya mzee Yadgar na karakana nzima: zimeandikwa na nani, na jina la kati limefikaje pale. Dirisha litakuwa wazi, na ukurasa ataushika bibi mwenyewe kupitia upenyo wa pazia. Mimi nitakuwa nyuma ya pazia hilo hilo. Utalitaja langu kwanza, kisha utamtaja baba yako na kazi aliyoifanya, kisha utajitaja wewe.

Sema kwa sauti, mwanangu. Masikio yangu si kama zamani.

Parizad binti Ghiyas